Kitunze Kisima, Pampu Itadumu

Pampu ya kisima cha nyumbani ikifa, lawama ya kwanza hutupiwa duka: tumeuziwa bandia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kilichoiua pampu ni kisima chenyewe. Maji yalishuka ikavuta hewa, mchanga ukaisaga, au chumvi ikaila taratibu hadi ikatoboka. Ukinunua nyingine ukaitumbukiza katika kisima kilekile bila kurekebisha lolote, nayo itafuata njia hiyohiyo, na pesa zitakuwa zimekwenda mara mbili.

Kwale ina historia ndefu inayothibitisha jambo hili. Pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika, ilijaribiwa na kupata umbo lake hapa pwani ya kusini ya Kenya katika miaka ya 1980. Mradi ule wa maji uliwakutanisha serikali, Benki ya Dunia, UNDP na wafadhili wa Sweden, na shirika la KWAHO likawafunza akina mama wa vijijini kuzitunza pampu hizo wenyewe. Miaka 30 baadaye, watafiti walirudi kuangalia ni zipi zilizodumu na ni zipi zilizokufa mapema. Walikuta kwamba pampu ilidumu zaidi pale ambapo maji hayakuwa na chumvi nyingi, hayakuwa mbali sana na uso wa ardhi, na duka la vipuri halikuwa mbali. Mambo mawili kati ya hayo matatu yako chini ya ardhi, na umbali wa maji hauonekani mpaka mtu ateremshe kamba.

Basi tuanze na kamba. Tafuta kamba ya nailoni, ifunge kizito safi mwishoni, jiwe au nati kubwa, kisha uiwekee alama kila baada ya mita 1. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuteka, iteremshe mpaka uhisi kizito kimegusa maji, usome umbali kutoka mdomo wa kisima. Iteremshe tena hadi ifike chini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kina cha maji yako. Andika tarehe na namba hizo katika daftari, au kwa chaki ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, na kila wiki kati ya Januari na Machi, kaskazi inapokausha kila kitu kabla ya masika.

Kipimo cha pili ni muhimu zaidi, na wenye visima wengi hawajawahi kukifanya. Endesha pampu mpaka maji yashuke mita 1, uizime, kisha uangalie saa: yanachukua muda gani kurudi pale yalipokuwa? Kisima cha pete chenye upana wa mita 1.2 hubeba takribani lita 1,130 katika kila mita ya kina. Kama mita hiyo imejaa tena kwa saa 3, ardhi inakupa kiasi cha lita 380 kwa saa. Sasa soma kibandiko cha pampu yako. Pampu ndogo ya umeme inaweza kuvuta lita 2,400 kwa saa bila shida. Maana yake ni kwamba pampu inakunywa mara sita zaidi ya kile ambacho kisima kinaleta, na itafika chini ya maji kila siku usipoizuia.

Pampu inayozunguka bila maji huharibika haraka mno. Maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha ile sili inayozuia maji kuingia kwenye mota. Yakikosekana, sili huungua, maji hupenya, na siku chache baadaye mota inakatika. Dawa yake ni rahisi na bei yake ni ndogo ukilinganisha na mota mpya: boya la umeme ndani ya kisima, au kifaa kinachozima pampu kinapohisi hakuna maji. Mwambie fundi aliweke boya lizime pampu maji yakiwa bado juu ya mdomo wake wa kuvutia, na liiwashe tena baada ya maji kupanda vya kutosha, si baada ya sentimita chache. Kuwaka na kuzima mara kwa mara nako kunaua, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshika kasi. Kama kisima chako ni kizito kujaa, vuta kwa muda wa saa moja asubuhi na muda kama huo jioni, na uliache tangi kubwa likuhifadhie. Kununua pampu yenye nguvu zaidi hakuongezi maji ardhini hata tone.

Namna pampu ilivyowekwa nayo ina maneno. Pampu ya juu, ile inayokaa nje ya kisima, inavuta kwa nguvu ya hewa, na kwa kawaida haivuti maji yaliyo zaidi ya mita 7 chini yake, hata ikiwa mpya na ya bei kubwa. Maji yakishuka hadi mita 8 mwezi wa Machi, utaona pampu inanguruma na mfereji mkavu. Usiivunje kutafuta ubovu. Pima maji kwanza. Ile ya kuzamisha inasukuma kutoka chini, kwa hiyo haina kikomo hicho, ila ina masharti yake. Itundike angalau mita 1 juu ya tope la chini. Itundike kwa kamba imara ya nailoni au ya chuma kisichoshika kutu, kamwe si kwa waya wake wa umeme. Na kama umeshusha katika kisima kipana pampu nyembamba iliyoundwa kwa visima vya mashine, muulize fundi juu ya koti la pampu hiyo: kipande cha bomba la plastiki kinachovishwa mota ili maji yalazimike kupita ubavuni mwake kabla ya kuvutwa. Katika shimo jembamba maji hupita hapo yenyewe. Katika kisima kipana yanaingia moja kwa moja kwenye mdomo, na mota inabaki na joto lake.

Mchanga huja na dalili. Jaza bilauri ya kioo kwa maji ya kwanza ya asubuhi, iache dakika 10, angalia chini. Chembe mbili tatu si tatizo. Ukiona mchanga umetanda, kuna moja kati ya mambo matatu: pampu imekaa chini mno, inavuta kwa kasi kuliko kisima kinavyoweza, au ukuta wa kisima umeanza kufunguka. Mawili ya kwanza unaweza kuyarekebisha siku hiyohiyo kwa kuipandisha pampu na kubana valvu ya kutolea. La tatu linamhitaji mchimbaji wa visima, na si la kungojea mvua, kwa kuwa ukuta uliolegea huporomoka ardhi ikilowa.

Chumvi ndiyo shida ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ikishaingia hutoka kwa taabu. Watu wa Vanga, Jego, Shimoni na Diani wanaijua. Chini ya ardhi karibu na bahari, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Wataalamu wana kanuni moja ya kukadiria hali hii: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa upande wa pili vilevile. Ukivuta kwa pupa na kuyashusha maji yako mita 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima cha pwani kinatakiwa kuvutwa polepole kwa saa nyingi, si kwa kasi kwa saa moja, na ndiyo maana jirani akichimba zaidi na kuweka mashine kubwa ya kumwagilia bustani, maji ya kisima chako yanaweza kubadilika ladha ingawa hujafanya kosa lolote. Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na una haki ya kuuliza kama kibali hicho kipo.

Huku bara kidogo, Lunga Lunga, Mwereni na Dzombo, bahari iko mbali lakini chumvi ipo katika miamba. Hapa jambo la kufanya ni kuchagua vifaa vinavyoivumilia. Bomba la chuma lililopakwa zinki litaliwa. Tumia plastiki kutoka chini hadi juu, na pale pasipoweza kuepuka chuma, kama kwenye bolti na kamba ya kutundikia, uliza chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho huvumilia chumvi kuliko la 304. Waundaji wa Afridev waliweka bomba la plastiki lisimame kisimani kwa sababu hiyohiyo ya kutu.

Wenye pampu hiyo ya mkono nyumbani, shuleni au msikitini, wana bahati ambayo wengi hawaijui. Iliundwa ili itengenezwe na watu wa kijiji. Kifuniko cha juu kinafunguka kwa spana moja, fito za ndani zinaunganishwa kwa ndoano bila nati, na pistoni pamoja na valvu ya chini hutolewa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Pampu ikihitaji kupigwa mara nyingi kabla ya maji kutoka, maji yanarudi chini usiku: valvu ya chini inavuja, badilisha mpira wake wa duara. Mkono ukiwa mwepesi na maji kidogo, sili ya pistoni imelika. Mkono ukiyumba kulia na kushoto, au ukitoa mlio wa chuma kwa chuma, vile vikombe vya plastiki kwenye egemeo vimekwisha, na kila siku unayochelewa inakula pini, ambayo ni ghali zaidi. Sili na vikombe hivyo vibadilishwe kila mwaka hata kama pampu haijalalamika.

Mlio huo una habari nyingi kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vya kielektroniki ndani ya mikono ya pampu hapa Kwale na huko Kitui, vikirekodi jinsi mkono unavyokwenda na kutetemeka. Huko Kyuso, katika Kitui, kwa kutuma taarifa hizo kwa simu ili fundi ajue papo hapo kwamba pampu imesimama, muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa mitetemo ya mikono ya Kwale waliweza hata kukadiria maji yako umbali gani chini. Kazi hiyo ilizaa FundiFix, huduma ya matengenezo ambayo watumiaji huilipia ada kidogo kidogo badala ya kuchangishana pampu ikishakufa. Mwenye kisima cha nyumbani hana kifaa hicho, lakini ana masikio na ana saa.

Tumia saa hiyo hivi. Weka mtungi wa lita 20 chini ya bomba la kutolea, uhesabu sekunde mpaka ujae. Sema umejaa kwa sekunde 30. Hiyo ni lita 2,400 kwa saa. Miezi minne baadaye unajaa kwa sekunde 45. Pampu imepoteza theluthi ya kazi yake, ilhali nyumbani hakuna aliyegundua kwa kuwa tangi bado linajaa. Kabla ya kumwita fundi, rudi kwenye kamba: maji yameshuka? Kama hayajashuka, ubovu uko kwenye pampu au bomba. Kwa pampu ya juu, angalia maji yanayotoka. Yakiwa meupe kwa viputo na kuanza kung'aa kutokea chini ya glasi, kuna hewa inayoingia katika bomba la kuvutia. Kaza yunioni na ubadilishe washa. Pampu ikihitaji kujazwa maji kila asubuhi ndipo ivute, basi futivalvu iliyo mwisho wa bomba haifungi, na mara nyingi ni jani au mchanga umeishikilia wazi.

Kwa nyumba zisizo na mnara wa tangi, zinazotumia chupa ya presha na swichi yake, dalili moja inatosha: pampu kuwaka na kuzima haraka kila unapofungua mfereji, hata ukiosha mikono tu. Chupa imepoteza hewa. Zima umeme, toa maji yote kwa kufungua mfereji, kisha pima hewa kwa geji ya magurudumu. Iwe pauni 2 pungufu ya kiwango ambacho swichi huiwasha pampu. Kama swichi huwasha kwenye 20 na kuzima kwenye 40, jaza 18. Pampu ya baiskeli inatosha. Ukikibonyeza kijiti cha valvu yakatoka maji badala ya hewa, utando wa ndani umepasuka na hakuna dawa ila kubadilisha.

Stima yetu nayo ina siku zake. Volti zikishuka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile, na inapata joto. Weka kilinzi cha volti kabla ya pampu, na jioni ukiona taa zinafifia, acha kuvuta maji hadi usiku utulie. Pampu iliyonunuliwa upande wa Tanga, Tanzania, inafaa huku, kwa kuwa nchi zote mbili zinatumia hezi 50 na tofauti ya volti 230 na 240 ni ndogo. Tatizo ni kuirudisha ikiharibika ndani ya muda wa dhamana, basi uliza hilo kabla ya kuvuka mpaka. Mota ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja. Huenda kapasita imekufa, nayo ni kipuri cha bei nafuu, au jiwe limekwama. Ukiiacha ingurume, utaunguza mota nzima. Swichi kuu ikijikata, iwashe mara moja tu. Ikikata tena, kuna maji katika kiungo cha waya au mota imeingiliwa, na fundi wa umeme aje na mita yake. Hakikisha pampu ina waya wa ardhi na swichi ya usalama inayokata kwa miliampea 30. Maji na umeme vikikutana, hiyo swichi ndiyo inayobakisha mtu hai.

Na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Usiweke mashine ya petroli ndani ya kisima, hata kwenye jukwaa la mita 2 chini. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na shimo la kisima huishikilia. Mtu anateremka kuzima mashine, anaanguka. Ndugu yake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Hata kisima ambacho hakijawahi kuona mashine kinaweza kukosa hewa. Mshumaa unaozimika unaonya kwamba hewa ni pungufu, lakini mshumaa unaowaka hauthibitishi kwamba hakuna gesi ya sumu. Wanaoteremka wawe wazoefu, wafungwe kamba kiunoni na mabegani, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu za kuwavuta. Aliyeanguka chini asifuatwe bila kifaa cha hewa.

Baada ya mto Umba kufurika, au maji ya mvua kuingia kisimani, maji yatibiwe kabla ya kunywewa. Subiri yatulie, toa tope, kisha piga hesabu. Zidisha nusu ya upana wa kisima kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kina cha maji, zote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya mita 3 kina karibu lita 3,400. Lita 5 za dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 3.5, zinatosha, au gramu 260 za unga wa klorini wa asilimia 65. Unga utiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, si maji kwenye unga, na usichanganywe na dawa ya choo, kwani hutoa gesi ya sumu. Mimina ukizungusha kuta za kisima, washa pampu, fungua kila mfereji mpaka usikie harufu, kisha funga vyote na uache usiku kucha. Asubuhi vuta maji umwage mbali na mboga, mifugo na shimo la choo mpaka harufu iishe. Klorini inaua vijidudu, haiondoi chumvi, na haitasaidia kwa muda mrefu kama choo kiko jirani. Weka angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na zaidi kwenye ardhi ya matumbawe, ambamo maji hupita nyufani bila kuchujwa. Ofisi ya afya ya umma ya kaunti inaweza kukuelekeza mahali pa kupima sampuli.

Wenye pampu ya sola wafute paneli asubuhi mapema zikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini. Karibu na bahari kusi huzipaka chumvi, na huku kwetu vumbi la barabara halikosi. Kidhibiti chake kiwe kivulini, penye kupitisha hewa.

Vipuri vya kuweka nyumbani ni vichache: kapasita ya kipimo kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, futivalvu, sili na mipira ya pampu yako, utepe wa kufungia nyuzi za bomba, na risiti ya pampu yenyewe. Safari ya Ukunda kutafuta mpira mmoja hugharimu kuliko mpira. Majirani watatu wanaotumia aina moja ya pampu wanaweza kununua kasha moja la vipuri kwa pamoja na kulihifadhi kwa yule asiyesafiri sana. Ununuzi huo ufanyike Novemba au Desemba, kisima kikiwa bado na maji ya vuli na mafundi hawajaanza kukimbizana, pamoja na kupima maji kwa kamba, kuhesabu sekunde za mtungi na kuipandisha au kuishusha pampu kulingana na kilichoandikwa katika daftari la kaskazi iliyopita.